Jina la Mtoto wa Sikudhani

Hapo zamani, na atakayenikatiza namwanzia upya, palikuwa na vijiji viwili, Kwambiso na Mgomeni, na kati yao njia ya maili kumi na tano. Walikuwa na mila moja ya kuchosha roho. Siku ya harusi, msafara wa bibi harusi hutoka huku na wa bwana harusi hutoka kule, wote saa moja asubuhi, wakutane njiani penye masufuria ya ubwabwa. Upande ukifika ukakuta wenzao hawapo, umetukanwa! Unageuza, unarudi kwenu, harusi hakuna.

Sikudhani wa Kwambiso alimpenda Mwinyimvua wa Mgomeni mpaka akawa anatia chumvi kwenye chai. Mara ya kwanza masufuria yaliwekwa karibu mno na kwao. Shangazi zake wakafika, wakasubiri, wakageuza. Mara ya pili yakawekwa mbali mno, wajomba wa Mgomeni nao wakageuza. Baba yake akasema, "Ikiharibika tena, nakuoza kwa muuza chokaa."

Sikudhani akalia siku nzima, kisha akatoka uani na kutangaza: "Atakayenifikisha kwa Mwinyimvua, mtoto wangu wa kwanza ataitwa jina lake, awe wa kike, awe wa kiume!"

Wa kwanza kujitokeza ni Pazi, mpiga ngoma. Akatembea na akina shangazi, akatembea na wajomba, akihesabu hatua mpaka ulimi ukakauka. "Wajomba, maili tatu kwa saa. Shangazi, maili mbili, maana wanasimama kusengenya."

Wa pili ni Chausiku, msuka mikeka. Akafagia ua. Chini, kando ya ukuta, akapanga kokoto za saa. Pembeni, kutoka kona ya ukuta kwenda juu, upande wa mbali wa ua, kokoto za maili kuanzia Kwambiso. Akatandika ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, mwekundu wa shangazi, kila saa unapanda maili mbili. Akatandika wa buluu wa wajomba, kila saa unapanda tatu. "Kili zikikutana, ndipo watu wanapokutana!" Watu wakapiga makofi. Lakini lo! Zote mbili zilianzia kona moja, zikaachana hapo hapo, zisikutane tena.

Wa tatu ni Mashavu, mpishi, aliyekuja tu kuuliza masufuria yakae wapi. Alipotazama alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Bwana harusi anatokea jikoni kwetu? Tena anamkimbia bibi harusi!" Akaunyanyua ukili wa buluu, mwanzo wake akauweka juu, maili ya kumi na tano, akaushusha tatu tatu: kumi na mbili, tisa, sita. Mwekundu ukapanda: mbili, nne, sita. Pah! Zikakatana. Chini yake saa ya tatu tangu kuondoka, pembeni yake maili ya sita.

Masufuria yakapelekwa maili ya sita. Siku ikafika, na saa nne asubuhi kamili shangazi mkubwa na mjomba mkubwa wakagongana vipaji vya uso juu ya ubwabwa. Vigelegele! Sikudhani alilia kwa furaha, akala, akalia tena.

Mwaka haujaisha, akajifungua msichana. Wakaja watatu.

"Bila mwendo niliouhesabu, kili zingelazwa kwa kubahatisha," akasema Pazi. "Aitwe Pazi."

"Msichana aitwe Pazi?" wenzake wakauliza.

"Na atalipenda!"

"Mwendo wako ulikuwa kichwani mwako tu," akasema Chausiku. "Mimi niliutandaza watu wakauona. Aitwe Chausiku."

"Mliona nini nyie?" akasema Mashavu. "Mlitaka nipakue ubwabwa kabla bibi harusi hajavaa viatu! Aitwe Mashavu."

Wakabishana siku sita, na mtoto akawa anaitwa "Wewe." Mila ya kule, jina hutolewa siku ya saba, na mtoto ni mmoja, hagawanyiki. Alfajiri ya siku ya saba Sikudhani akamfunga kanga, akasimama mlangoni mbele ya watu wote, akafungua mdomo. Haya, nyie mnaocheka hapo nyuma, msaidieni mama wa watu: je, amwite nani?