Goti Bovu la Babu Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama wakivaa jezi na kupika uji, palikuwa na nchi ndogo iitwayo Kichuguu. Ndogo kweli! Tembo akijilaza pale, mkia unalala nchi jirani. Lakini kwa mpira, weee, usiwaambie kitu!

Nyota wao wa timu ya taifa alikuwa Digidigi. Enzi zake alipiga mashuti mpaka nyavu zikachanika. Sasa alikuwa babu, goti limekwisha, anashinda barazani mkewe akimchua kwa mafuta ya nazi.

Basi siku moja akaja Nyati, nahodha wa timu ya wanyama wakubwa, na ubabe wake.

"Tucheze Jumamosi. Atakayefunga kwanza ndiye mshindi. Tukiwafunga, uwanja wenu tunaugeuza malisho!"

Nguchiro, nahodha wa Kichuguu, moyo ukamlipuka paa! Uwanja ule ndiko alikojifunzia kupiga chenga. Na kipa wa wakubwa alikuwa Kiboko. Akikaa golini, goli linajaa lote, hata upepo haupiti. Utamfungaje?

Akaenda kwa Digidigi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu uji."

"Babu, nataka uvae jezi Jumamosi."

Digidigi akacheka mpaka akakohoa. "Kwa goti hili? Una wazimu wewe?"

"Usikimbie, babu. Wewe chechemea tu."

Kisha Nguchiro akaenda sokoni kwa Kunguru, ambaye siri haimkai tumboni. Akamnong'oneza, "Tafadhali, ndugu yangu, Nyati asijue! Babu anarudi uwanjani. Na akianza kuchechemea, hapo ndipo anapofunga. Mpira wenyewe humfuata!"

"Mimi? Nimwambie nani!" akaapa Kunguru. Puruuu! Akaruka moja kwa moja mpaka kwa Nyati.

Jumamosi ikafika. Prrriii! Filimbi ikalia. Babu akaingia, jezi inampwaya, na mashabiki wa Kichuguu wakatoa machozi ya furaha. Nguchiro alimpenda sana mzee yule, na aliogopa asije akamwaibisha mbele za watu.

Babu akapiga hatua. Chechem, chechem.

"Anachechemea!" Nyati akanguruma. "Mkabeni! Mkabeni!"

Wakubwa wote wakamzunguka. Mpira ulikuwa kwa Nguchiro, wala hakuna aliyeutazama. Babu akajikongoja pembeni mwa uwanja, chechem, chechem, alikosimama mkewe na kikombe cha uji.

"Anatuzuga huyu!" Kifaru akapiga kelele. "Atapita hapa hapa!"

"Kiboko!" Nyati akaita. "Toka golini, njoo uzibe huku!"

"Nikitoka, goli je?"

"Mpira unamfuata yeye, hujasikia? Toka!"

Kiboko akatoka mbio, tifu! tifu! tifu! Wakajipanga ukuta mzima mbele ya mzee, jasho linawachuruzika, na yeye anapuliza uji wake fuu, fuu.

"Pole kwa jua, wanangu," Babu akawaambia. "Mtakunywa kidogo?"

"Hatudanganyiki!" wakajibu wote kwa pamoja.

Huku nyuma Nguchiro akausukuma mpira taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Ukabingirika, ukabingirika, ukaingia golini. Korongo, aliyekuwa refa, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamvimba.

"Goooooli!"

Nyati akageuka. "Ala! Limeingia saa ngapi?"

Kichuguu yote ilikuwa uwanjani inaruka, na Babu Digidigi amebebwa juu juu, uji unamwagikia jezi.

"Nguchiro!" akaita kutoka huko juu. "Nani kafunga?"

"Wewe, babu," Nguchiro akamjibu. "Umefunga wewe."

Basi liheshimuni jina kubwa, wanangu, lakini macho yenu yabaki kwenye mpira.