Yule wa Juu na Maji ya Ndiva

"Apa," alisema Nakijwa. "Apa hapa hapa kwamba hukufungua maji yetu."

"Naapa kwa babu yangu Kangalu," alijibu Senkondo.

"Kangalu yule aliyeiba mbuzi wetu? Ukituibia maji atakuadhibu, au atakupigia makofi?"

Wajukuu zangu, msicheke bado, sogeeni kwanza. Ugomvi huo ni wa zamani, zamani ile mawe yangali laini na mlima wetu ungali ukitafuta mahali pa kukaa. Siku hizo kila ukoo ulikuwa na babu yake, amekufa lakini hajaondoka. Alikaa ndani ya chungu nyuma ya nyumba, akapewa pombe, akalinda ua wake. Ukiiba kuku wa ndugu yako, babu anakuona, tumbo linakuuma. Ukiiba kuku wa ukoo mwingine? Babu anauliza kama amenona.

Wakaishi hivyo, wakaishi hivyo, mpaka watu wakawa wengi na mvua ikawa chache. Ukoo wa juu na ukoo wa chini wakachimba ndiva moja, bwawa la kukusanyia maji ya kijito, wakapeana zamu. Lakini ikifika zamu ya chini, maji yamekwisha kunywewa na mtama wa Senkondo. Kunde za Nakijwa, chakula pekee cha watoto wake, zikaanza kunyauka.

"Basi apa kwa babu yetu Mshitu," alisema Nakijwa.

"Mshitu wenu hanijui. Hata kwetu hajawahi kufika."

Wazee wakasema, tuwakutanishe mababu. Wakabeba vyungu viwili mpaka kando ya ndiva, wakaviweka pamoja kama wachumba, wakamimina pombe. Ukoo wa juu ukataka Kangalu akae kulia. Ukoo wa chini ukasema Mshitu hakai kushoto kwa mwizi wa mbuzi. Wakavutana, wakavutana, chungu kikagonga chungu, vyote vikaingia ufa. Watu wakatawanyika mbio, kila mmoja ameshika tumbo lake kabla halijauma.

Wakabaki Nakijwa na Senkondo.

"Senkondo, babu yako aliumbwa na nani?"

"Na Yule wa juu."

"Na babu yetu?"

"Yule yule. Lakini dada, yule ana kazi ya jua na mvua. Tangu lini akaulizwa habari za kunde?"

"Hajaulizwa. Ndiyo maana hana upande."

Basi koo zote zikaapa kwa Yule wa juu, viganja ndani ya maji. Aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Senkondo, na nyinyi mnajua kwa nini.

Siku ya zamu ya chini, jua la utosini, watu wamelala, Nakijwa alimwona kutoka mlangoni. Senkondo alikuwa anapanda kwenye ndiva na jembe lake. Akikibomoa kizibo kinachozuia maji, kunde zimekwisha. Angepiga kelele, nani angesikia?

Senkondo akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Kisha, wajukuu zangu, akatazama juu. Anga tupu, hata mwewe hayupo. Akainama, akainuka. Akainama, akainuka. Akakata jani la mgomba, akajifunika kichwa, akainama tena. Akachungulia pembeni ya jani. Akalitupa, akashuka.

Tangu hapo koo zile zikawa nchi, na watu wasiojuana majina wakanywa mfereji mmoja. Shikeni hili: mkitaka kuishi na mtu msiyemjua, tafuteni shahidi asiye wa kwenu wala wa kwao.

Kisa changu kimechoka miguu. Nakiacha kipumzike mlangoni kwa Nakijwa, ambako Senkondo alikuja kusimama, jasho likimtiririka.

"Dada," alisema, "huyu tuliyemwapia, mchana halali?"

"Sijui, kaka," alisema Nakijwa. "Jana, zamu yenu, mimi nilijaribu na ungo kichwani."