Maini ya Mzee Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, mbwa walipokuwa na nyumba zao wenyewe, mbwa jike aitwaye Sikitu alizika watoto wawili msimu mmoja. Walianza kwa tumbo kujaa, ti! Mbavu zikatokeza, wakakonda, wakafa. Sasa tumbo la Tumu, mtoto pekee aliyebaki, nalo lilikuwa limeanza kuvimba.

Sikitu akakimbilia kwa jirani yake Nguchiro, mdogo wa mwili, mwingi wa hila.

"Shoga, ile dawa ya minyoo niliwanywesha watoto, nami nikanywa. Mbona na Tumu anavimba?"

"Shemeji je, alikunywa?"

Sikitu akainamisha kichwa. "Mume wangu Gurumo? Amekataa katakata."

"Na haja yake anakwenda wapi?"

"Hapo hapo uani."

"Ala! Basi mayai ya minyoo anayamwaga pale pale anapochezea mtoto. Mnachota maji kwa pakacha!"

Wakamwendea Gurumo, wakambembeleza naye anywe dawa. Alikuwa amejinyoosha kizingitini.

"Mimi? Minyoo? Wuu! Dume zima ninyweshwe dawa ya vitoto, majirani wanicheke? Tokeni!"

Nguchiro akaenda zake. Kesho yake akapita mbele ya Gurumo na pande la maini juu ya jani la mgomba, akinyata na kugeuka nyuma kwa hofu.

"We! Umebeba nini?"

"Shii, shemeji! Ni maini ya Mzee Chui. Kasema mbwa asiyaguse, maana mbwa hana ubavu naye."

"Sina ubavu? Mimi?"

Gurumo akaruka. Gubu! Akayameza mazima bila kutafuna, ndiyo desturi ya mbwa. Angetafuna, angekutana na uchungu wa dawa iliyofichwa katikati.

"Uwii! Chui ataniua mie!" akalia Nguchiro, huku akimkonyeza Sikitu. Sikitu hakuweza kucheka. Kicheko kilimpotea siku alipomzika mtoto wa kwanza.

Kulipokucha tumbo la Gurumo likanguruma, nguru, nguru! Akakimbilia uani, na mbele ya mkewe wakamtoka minyoo weupe, wamesokotana kama tambi.

Gurumo akawatazama. Mkia ukamshuka.

"Mama Tumu, hawa ndio waliowaua wanangu?"

Sikitu alitaka kumwonea huruma, akashindwa. "Ndio hao, baba Tumu. Nasi tulikubembeleza unywe."

Gurumo hakunguruma tena. Alichimba shimo refu mbali na nyumba, akafukia uchafu wote wa uani, kisha akaenda mwenyewe kwa Nguchiro.

"Jirani, nipe dawa ya Tumu. Na yangu ikifika zamu ya kurudia, usiifiche ndani ya maini."

Tumu akanywa, tumbo likanywea, akapona. Ndugu zake wawili hawakurudi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanangu, na pengine kifo hicho huanza na wasio na kosa.