Mzee Aliyejifunza Kukamua

"Elfu sabini kwa mwezi, kukamua ng'ombe mmoja? Umelewa?"

"Sijalewa, mzee. Nakuja alfajiri, narudi jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Ukiona ni nyingi, kamua mwenyewe."

"Nitakamua."

"Haya. Kila la heri." Yule mkamuaji akapanda baiskeli yake akaenda zake, anacheka njia nzima.

Ndugu zangu, msianze kugeuka kutazamana. Mzee huyu nimemtunga mwenyewe, hayumo humu ndani. Lakini nyumba yake mnaijua. Ni nyumba ya huku kwetu mlimani, migomba mbele, banda nyuma, na ng'ombe mwenyewe hatoki nje, analetewa kila kitu mdomoni kama bibi harusi. Anayemletea ni nani? Nauliza. Kukata majani ni mama, kuyabeba ni mama, kukamua ni mama. Baba kazi yake ni kuuliza chai iko wapi, na kwa nini leo maziwa ni machache.

Mama wa nyumba ile alikamua tangu aolewe, na sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, vimevimba kwenye viungo kama tangawizi. Kikombe alikishika kwa viganja viwili. Kukamua hakuweza tena. Watoto wako mbali. Na maziwa yale ndiyo yalikuwa dawa na sukari na sabuni ya nyumba nzima. Ng'ombe asipokamuliwa kiwele kinavimba, anaugua, na habari yenu imekwisha.

Basi mzee, ambaye sitini ameipita siku nyingi, akaingia bandani na ndoo. Mama akakaa kwenye kigoda mlangoni amwelekeze.

"Umekaa upande usio wake."

"Ng'ombe ana upande?"

"Ana upande. Zunguka huku. Mwoshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Sasa bana chuchu juu kwa kidole gumba, halafu ufunge vidole kimoja kimoja kushuka chini. Usivute, Baba. Hiyo si kamba ya kengele ya kanisa."

Akavuta. Sisi wanaume tunavuta, kwa sababu tumezoea kudhani nguvu ndiyo ufundi. Ng'ombe akapiga teke, ndoo ikaenda kule, mzee akaangukia huku. Kesho yake vivyo hivyo. Baadaye ng'ombe akaacha mateke, akafanya jambo baya zaidi: akazuia maziwa. Akasimama tu anacheua, kiwele kimejaa, na hakishuki kitu.

"Hakujui," mama akasema. "Miaka yote amezoea harufu yangu. Jifunge kanga yangu."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humo?"

Akajifunga. Mtu mzima, mzee wa kanisa, kanga ya maua kiunoni. Jirani akachungulia juu ya ua, akamsalimia kwa adabu zote: "Shikamoo, mama mkwe. Umeamkaje?"

Wewe unayecheka pale nyuma, wewe ungebaki? Mzee alibaki. Hapo nampa heshima yake. Alikaza meno akaendelea, mikono inawaka moto mpaka kwenye viwiko, na akilala vidole havikunjiki. Akamwambia mkewe, "Mama, hii kazi inauma."

Kabla mwezi haujaisha, mikono ikaelewa. Mikono ya mzee inajifunza, ndugu zangu, asiwadanganye mtu. Inachelewa kidogo, ila inajifunza. Asubuhi moja maziwa yalishuka yenyewe, mkono huu, mkono ule, povu likapanda mpaka ukingoni mwa ndoo. Mzee akanyanyuka, uso unang'aa kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Mama, umeona? Hata mwezi haujaisha. Yule wa elfu sabini na aje aone."

Mlitegemea mama ashangilie? Hata mimi nilipokuwa nautunga mfano huu nilitaka ashangilie. Akanikatalia. Aliitazama ile ndoo, akaitazama mikono yake mwenyewe mapajani.

"Kumbe ni kazi ya mwezi mmoja," akasema.

"Mwezi mmoja tu."

"Nilikuomba, Baba. Mwaka ule nilipojifungua mapacha, sijapona, nilikuomba unikamulie asubuhi tu. Ukaniambia mikono ya mwanaume haiwezi. Mimi nikakuamini."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, mzee angepata la kujibu. Mzee akaitua chini ile ndoo iliyojaa. Arudishe nini? Angejifunza akiwa kijana wangegawana, asubuhi yake, jioni ya mkewe, na leo mama yule angekunywa chai kwa mkono mmoja. Maziwa yalirudi nyumba ile. Vidole havikurudi.

Sasa sisi. Tukisikia mzee amejifunza kitu kipya uzeeni, tunapiga makofi. Sawa, pigeni, maana ni kweli alijitahidi. Lakini muulizeni pia alikuwa anangoja nini. Tukiwa vijana tunasema, hiyo si kazi yangu. Tukizeeka tunasema, sasa nimechelewa, mwili haukubali. Lini basi? Tumeufanya huo "siwezi" kuwa kama ugonjwa wa kuzaliwa nao, kumbe ni uvivu uliovaa koti. Na mtu wa pembeni yako ameuamini, kwa sababu anakupenda, akabeba yeye. Amebeba mpaka mgongo umepinda, halafu wewe unasimama mbele ya watu unashukuru kwamba Mungu amekupa mke mvumilivu. Usimsingizie Mungu. Aliyemlazimisha kuvumilia ni wewe.

Wengine mmechelewa kama mzee yule, na sitawadanganya kwamba kuna namna ya kuyarudisha yaliyokwenda. Hakuna. Lakini jioni ya leo bado ipo.

Ukifika nyumbani usimpe hotuba. Muulize ni kazi gani inayomuumiza, akae akuelekeze, uikosee mbele yake, akucheke, na kesho uifanye tena. Usiseme umezeeka. Unadaiwa. Lipa.