Fungu la Kidawa

Haya, walio macho wasogee, wenye usingizi wasikie kwa mbali.

Palikuwa na mtu na mkewe, Mcha na Mize. Binti yao wa pekee, Kidawa, alikwenda kuokota kuni, asirudi. Wakamtafuta msituni, wakamtafuta mabondeni, wakamtafuta hata makaburini. Wapi!

Mize akaliendea zimwi la msitu, akalililia. Zimwi likasema, "Mwekee fungu lake la chakula kila usiku, chini ya kawa. Alfajiri nitakayotaka nitamwachia aje. Akilikuta, njia ya kwenu itabaki wazi. Akilikosa, atajua mmemsahau, na hamtamwona tena. Usimwambie mtu."

Kwao, asiyekuwepo huwekewa fungu lake, kwa hiyo Mcha hakuuliza. Alfajiri akafunua kawa, akaukuta muhogo umelala vilevile. "Mke wangu akiuona huu, atakufa kwa majonzi," akajisemea. Akaula. Mize alipoamka akacheka, mara ya kwanza tangu mtoto apotee: "Baba Kidawa, mwanetu amekula!"

Alfajiri ya pili Mcha akala tena, machozi yakimdondokea sahanini.

Alfajiri ya tatu, kipande cha mwisho kilikuwa kinywani mlango uliposukumwa. Mcha akarudisha kawa, akajibanza kizani. Aliyeingia ni Kidawa, majani yamemjaa nyweleni. Akafunua kawa.

"Kumbe kwetu hawaniwekei tena."

Mcha akataka kumwita, kinywa kimejaa. Alipomeza, ukungu ulishamfunika mtoto.

Mize akaamka, akaiona sahani tupu. "Amekula! Leo nitamwongezea."

Mcha akaifunika sahani kwa kawa. Nami hadithi yangu naifunika papo hapo.