Siku Fisi Alipolea Mtoto

— Nina kisa!
— Kilete!
— Kina meno!
— Kimng'ate nani?
— Kimng'ate anayelelewa mtoto na mama yake.

Naona wengine mmeinamisha vichwa. Tulieni, kisa ni cha wanyama.

Palikuwa na kijana Digidigi, jina lake Azizi. Kwao alizaliwa peke yake, hana kaka, hana dada. Akaoa binti Digidigi, jina lake Tunu. Naye Tunu kwao alizaliwa peke yake, hana kaka, hana dada. Azizi alipanguswa pua mpaka pembe zikamwota. Tunu alitafuniwa majani mpaka siku ya harusi. Wakapendana sana, maana walidekezwa sawasawa.

Wakapata mtoto, wakamwita Sudi.

Sasa, sisi tuliozaliwa wengi, kulea hatukufundishwa na mtu. Ulifungiwa mdogo wako mgongoni, ukaambiwa ukimwangusha utaona. Ukalea. Lakini mgongoni kwa Azizi na Tunu hakukuwahi kukaa hata inzi. Sudi akilia, Azizi anamtazama Tunu. Tunu anamtazama Azizi. Halafu wote wawili wanatazama njia ya kwenda kwa mama.

Mama yupi? Mama yake Tunu alikuwa anaumwa mgongo. Mgongo ule ulimshika siku Sudi alipozaliwa, na ulimwachia kila palipolia ngoma. Akabaki mama yake Azizi, Bi Sihaba, mjane, mdogo hata kwa kipimo cha digidigi, na miguu imemvimba kwa uzee.

Kila asubuhi, ko ko ko.

"Hodi, mama."

"Karibuni."

"Mtoto huyu hapa."

"Haya, mleteni mume wangu," anasema Bi Sihaba. Bibi na mjukuu ni wachumba, utani wetu mnaujua.

Azizi na Tunu wanakwenda bondeni kula majani machanga. Jioni wanarudi, wanakula na majani ya Bi Sihaba, wanamchukua mtoto, wanaondoka. Kesho yake, ko ko ko.

Siku moja Bi Sihaba akasema, "Kesho simlei. Kesho napanda mlimani kulamba magadi. Miguu inaniuma, na magadi ndiyo dawa yake."

"Sasa sisi tufanyeje, mama?" akauliza Azizi.

"Mmoja wenu abaki na mtoto."

Wakatazamana. Jambo hilo halikuwahi kuwapitia akilini, na hata lilipopitishwa halikukaa.

Asubuhi wakatoka na mtoto wao, hawajui wampeleke wapi. Njiani wakakutana na Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba, wanangu. Mbona nyuso zimekunjamana?"

"Tunatafuta wa kutulelea mtoto."

Fisi akameza mate, gugumu. "Mbona mmefika? Mimi kwetu tulizaliwa kumi, mimi ndiye wa kwanza. Wale tisa wote niliwalea mimi."

"Wako wapi sasa?" akauliza Tunu.

"Ninao karibu sana," akasema Fisi, akijipapasa tumbo.

"Na malipo?" akauliza Azizi.

"Sitaki malipo. Mtoto mwenyewe ananitosha."

Tunu akamwambia mumewe, "Umeona mtu anayependa watoto?" Wakamkabidhi Sudi, wakaenda bondeni. Msicheke. Wewe unayecheka, mtoto wako yuko kwa nani saa hizi?

Basi Bi Sihaba alikuwa anapanda mlima polepole, na njia ya kwenda kwenye magadi inapita mlangoni kwa Fisi. Akasikia, "Nyeee!" Akasimama. Akasikia tena, "Nyeee!" Kilio kile anakijua kuliko jina lake.

Akachungulia. Akamwona Sudi amelazwa juu ya jiwe, na Fisi amekaa mbele yake analamba meno. Bi Sihaba aliogopa sana. Lakini alijua akikimbia, mtoto ameliwa, na akipiga kelele, wataliwa wote wawili. Akakohoa kidogo, akabisha.

"Hodi, Bwana Fisi."

"Karibu, bibi. Umejileta kwa miguu yako, vizuri sana. Nikimaliza huyu, nakufuata wewe."

"Sawa, mwanangu. Mimi sina pa kwenda na miguu hii. Lakini nakuhurumia, unataka kula kitu kichungu."

"Kichungu vipi?"

"Mtoto wa digidigi akiliwa analia, nyama ni shubiri tupu. Huliwa akiwa amelala usingizi wa kushiba. Hapo ni mtamu, unalamba mpaka jiwe."

Kusikia mtamu, Fisi akatoa udenda, tiriri. "Analazwaje? Wadogo zangu tisa niliwalea, sikumlaza hata mmoja."

"Kwanza anashibishwa. Mtafunie majani, umlishe."

Fisi tangu azaliwe hajawahi kutia jani kinywani. Akatafuna, akakunja uso, akatafuna, akamlisha. Sudi akala. Sudi akataka tena. Fisi akatafuna mpaka taya zikamlegea na ulimi ukawa kijani.

"Ameshiba. Sasa nimle?"

"Sasa anabebwa mgongoni mpaka alale. Tembea naye."

Fisi akamweka mtoto mgongoni. Mgongo wa fisi mnaujua, mbele umeinuka, nyuma umeteremka. Akapiga hatua moja tu, mtoto serere, pu!

"Nyeee!"

"Basi tena, anaanza kuwa mchungu," akasema Bi Sihaba. "Geukia mteremko. Ukishuka mlima, mgongo wako unakaa sawa."

Fisi akageukia mteremko, akashuka, mtoto ametulia. Alipofika chini akataka kugeuka apande.

"Ukigeuka ataanguka," akasema Bi Sihaba. "Panda kinyumenyume."

Basi Fisi akashuka mbele, akapanda kinyumenyume. Akashuka mbele, akapanda kinyumenyume. Visigino vinagonga mawe, ko ko ko, mkia unanasa kwenye miiba. Macho ya Sudi yakaanza kufumba.

"Amelala?" akanong'ona Fisi.

"Ngoja nimuulize," akasema Bi Sihaba. Akamwinamia sikioni. "Mume wangu, umelala?"

Mtoto kusikia sauti ya bibi yake, macho yakafumbuka pwaa. "Nyeee! Bibi!"

"Bado," akasema Bi Sihaba.

Fisi akashuka mbele, akapanda kinyumenyume. Jua likafika utosini. Ulimi nje, haa, haa.

"Sasa amelala?"

"Ngoja nimuulize. Mume wangu, umelala?"

"Nyeee! Bibi!"

"Bado kidogo, mwanangu. Ulivyolea wale tisa ilikuwaje?"

"Wale hawakuchukua muda," akasema Fisi, na machozi yakamtoka. Akashuka mbele, akapanda kinyumenyume. Jua likaanza kuinama. Mara hii alipofika juu hakuuliza kitu. Miguu ya mbele ikakunjika, ya nyuma ikafuata, kidevu kikatua chini, na usingizi ukamchukua. Khorrr, khorrr.

Bi Sihaba akamteremsha mjukuu wake taratibu, akamfunga mbeleko, akaondoka. Mlimani hakwenda tena. Alimbana yule mtoto mgongoni, akawa analia njia nzima, mpaka kwake.

Jioni Azizi na Tunu wakaenda kwa Fisi kumchukua mtoto. Wakamkuta amejigeuza usingizini, tumbo juu. Mtoto hayupo. Hapo ndipo walipoelewa. Tunu akaanguka chini, Azizi akajipiga kichwa kwenye mti. Wakakimbia, si kwao, bali kwa mama, maana hata msiba walikuwa hawajawahi kuubeba peke yao.

Wakamkuta Sudi kifuani kwa bibi yake, amelala usingizi wa kweli.

Walilia sana. Wakamshika Bi Sihaba miguu ileile iliyovimba. "Mama, tumekosa. Hatutarudia. Tumejifunza."

"Mmejifunza nini?" akauliza Bi Sihaba.

"Tutakuonyesha kesho," akasema Azizi.

Bi Sihaba akafurahi moyoni. Akasema, hatimaye wamekua.

Asubuhi, ko ko ko.

"Hodi, mama."

Akafungua. Azizi amebeba mkeka. Tunu amebeba chungu. Sudi yuko katikati, anacheka.

"Mama, tumejifunza kwamba hakuna wa kumwamini ila wewe," akasema Azizi. "Basi tumehamia."

Bi Sihaba akautazama mkeka, akakitazama chungu. Fisi yeye alimweza, lakini hawa hakuwaweza. Akasogea kando, wakapita, akaenda kuwatafunia majani wote watatu.

Hili ndilo fundisho, vijana: mama yako akikataa kukulelea mtoto, usigombane naye. Mpeleke mtoto kwa fisi, yatakwisha yenyewe.

Kisa changu kimekwisha. Aliyekipenda akae nacho. Aliyekichoka akipeleke kwa mama yake, atamlelea.