Junada na Mto Usiokubali Kufungwa

Inasimuliwa, na ukweli wa kila habari uko kwa Mola Mlezi, kwamba katika bonde moja la milimani, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mtu akiitwa Junada bin Asim. Alikuwa amehifadhi Kurani, mwenye mkono wazi, na watu wa bonde hawakukata shauri bila yeye. Ila moyo wake haukujua kutulia. Akianza jambo alitaka liishe kabla jua halijatua, na jambo likimgomea alilisukuma kwa nguvu zote.

Bondeni mle mlikuwa na mto uliokauka kiangazi na kurudi kwa kishindo mvua za masika zikianza. Mwaka mmoja maji yaliingia mpaka ndani ya msikiti. Junada akawakusanya watu wakajenga ukuta wa mawe ukingoni, kuanzia msikitini mpaka mwisho wa bustani ya mikomamanga aliyoachiwa na baba yake. Alibeba mawe begani mwenyewe hadi ngozi ikachubuka, na watu wakamwombea kheri.

Masika yaliyofuata, ukuta ulisimama imara. Lakini maji, yalipokosa pa kupita, yaliielemea ng'ambo ya pili, palipokuwa na nyumba za udongo za mafakiri. Mjane mmoja, Bi Safura, alikuja mlangoni kwa Junada nguo zikimchuruzika maji.

"Sheikh, mto unanifuata nyumbani."

"Vuta subira, mama. Tutajenga na upande wako."

"Kila mkipandisha jiwe huku, maji hupanda kwangu. Leo yameondoka na ukuta wa jiko. Wanangu nimewaacha juu ya kitanda."

Junada akawapeleka watu wakawahamishie wale watoto msikitini. Kisha, badala ya kuyatafakari maneno ya mjane, akaamuru mawe yaongezwe.

Siku hizo Junada hakutulia. Aliinuka katikati ya chakula akaenda kuutazama mto. Akirudi, hata miguu haijakauka, alitoka tena. Mkewe, Unaisa, mcha Mungu asiyekuwa na maneno mengi, akamwambia kwa jina la mtoto wao, "Baba Lubaba, umeswali adhuhuri uso umeelekea kibla, moyo umeelekea mtoni. Unaogopa nini?"

"Naogopa watu wasije wakazama."

Alilisema upesi mno, na yeye mwenyewe akasikia kwamba jibu lile lina ufa.

Akapanda mlimani peke yake kutafuta mawe makubwa zaidi. Mvua ikamfungia njia, akajibanza chini ya jabali, akawa hana la kufanya ila kutazama. Mwanzo ilikuwa adhabu. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Mbele yake mti mkubwa ulijikaza kuuzuia mkondo. Maji yakaupiga kifuani, yakaung'oa na mizizi yake. Pembeni yake matete yalilala kifudifudi kama watu walio katika sijida, mkondo ukapita juu yake, kisha yakainuka na matope kichwani, mazima. Na maji yenyewe, yalipofika kwenye mwamba, hayakugombana nao. Yaliuzunguka, yakatafuta palipo chini, yakaenda zake.

"Subhanallah," akasema. "Kiumbe hiki hutafuta unyonge, wala hakuna kinachokishinda."

Akalifuata bonde kwa macho ili aone palipo chini kuliko pote. Kutoka kule juu palionekana waziwazi: bonde dogo la kale, njia ya mto tangu enzi za mababu, likipita katikati ya bustani yake. Alikuwa akipajua. Baba yake aliwahi kumwonyesha. Akaijua na hofu iliyomkosesha usingizi: haikuwa ya msikiti wala ya watu. Nafsi yake ilikuwa inaililia mikomamanga, nayo ilivaa kilemba cha maslahi ya umma ili isitambulike.

Akateremka mbio, akajikwaa, akaanguka, akainuka. Baada ya swala ya alasiri akasimama mbele ya watu, akasema:

"Ndugu zangu, msikiti ulihitaji ukuta mfupi. Urefu wote uliobaki nilikujengesheni kwa ajili ya bustani yangu, nikaiambia nafsi yangu kuwa ni kwa ajili yenu. Njia ya mto ni pale kwangu. Tuutoboe ukuta pale."

Mwashi Mughira, aliyevunjika vidole viwili katika kazi ile, akapaza sauti, "Na vidole vyangu, Junada?"

"Ni dhima yangu mbele ya Mola wako. Ukinisamehe, ni fadhila yako. Usiponisamehe, ni haki yako."

Mughira akachukua sururu akatangulia.

Ukuta ulipotobolewa na mfereji kuchimbwa, maji yaliingia bustanini bila makelele, kama mwenyeji arudiye kwake. Miti ikainama, mmoja baada ya mwingine ikaondoka. Ng'ambo ya pili maji yakashuka, na nyumba ya Bi Safura ikabaki imesimama.

Unaisa akamsogelea mumewe. "Umeridhia?"

"Bado," akasema Junada, machozi yakimtoka. "Lakini sasa najua ninachokililia."

Kiangazi kilipofika, bonde lile dogo lilikuwa limejaa udongo mweusi. Junada akaligawa kwa mafakiri wa ng'ambo, wakapanda mtama. Mughira alikaa mwaka mzima bila kumpa salamu, kisha siku moja akampa. Junada hakuwa amemharakisha.

Enyi waumini, kutulia si kukunja mikono, kwani watu wale walichimba mpaka viganja vikatoka damu. Tofauti ni kwamba walichimba pale ambapo Muumba alikwisha weka njia. Mja akiona moyo wake hautulii katika jambo la kheri, na aukague: huenda kuna bustani anailinda. Mola atupe macho ya kuzisoma ishara Zake, na ulimi wa kukiri tulichokiona.